Jinsi ya Kupima Imani ya Vijana katika Uwezo Wao

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kundi la vijana mkononi, iwe ni darasa, klabu ya mdahalo, mafunzo ya ufundi au timu ya michezo, ambaye anatakiwa kujua kama vijana hao "wanajiamini". Neno hilo limejaa kwenye maandiko ya miradi na ripoti za mwisho wa mwaka, na mara nyingi ushahidi wake ni swali moja tu: "Baada ya mafunzo haya, je, unajiamini zaidi?" Karibu wote hujibu ndiyo, huku mkufunzi wao kasimama mlangoni akisubiri karatasi. Hapo umepima adabu yao.

Kazi hii haihitaji uwe mwanasaikolojia wala uwe na programu ya gharama. Inahitaji uamue mapema unatafuta nini, utunge maswali ambayo kijana anaweza kuyajibu kwa ukweli bila kuona haya, kisha majibu yake uyaweke kando ya yale anayoyatenda. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayobeba mzigo wote.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo matatu yanayoitwa kwa jina moja

Kuna kujithamini, yaani jinsi kijana anavyojiona kama mtu: ana thamani au hana, anajiheshimu au anajidharau. Kuna imani ya jumla, ile hali ya kusema "lolote litakalotokea, nitapata njia." Halafu kuna imani katika uwezo wa kutenda jambo mahususi: kuuliza swali darasani, kuchomelea chuma, kukataa kishawishi cha rafiki, kumaliza hesabu ngumu.

Mambo haya hayaendi pamoja kila mara. Kijana anaweza kuwa na hakika kabisa kwamba hawezi kuogelea na asijione duni hata kidogo, kwa kuwa kuogelea hakumhusu. Mwingine anaongoza darasa katika hesabu, anajua kwamba anaziweza, na bado anajichukia. Ukichanganya yote katika alama moja hutajua umsaidie wapi.

Aliyelisukuma mbele hilo jambo la tatu ni Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ambaye nadharia yake ilichapishwa mwaka 1977. Katika utafiti wake wa miaka hiyo alifanya kazi na watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka. Hakuwauliza kama wao ni majasiri. Aliwapa orodha ya matendo yaliyopangwa kuanzia mepesi hadi ya kutisha, likiwemo la kumwacha nyoka atambae mapajani, na kwa kila tendo wakasema kama wanaliweza na wana uhakika kiasi gani. Kisha wakaletewa nyoka. Kwa sehemu kubwa, walilosema wanaliweza walilifanya, na walilosema hawaliwezi liliwashinda. Mtindo huohuo, bila nyoka, ndio nitakaoufuata hapa chini.

Ushauri wangu: kama umefundisha au unataka kufundisha stadi fulani, pima imani katika stadi hiyo. Kujithamini kuache mpaka uwe na sababu ya kweli ya kuuliza habari zake, kwa kuwa hakubadiliki kwa semina ya siku mbili, na maswali yake yanagusa donda.

Hatua ya 2: Andika uamuzi utakaotegemea matokeo

Sentensi moja inatosha. "Nikiona wengi wanakwama kwenye maswali ya ghafla, nitaongeza vipindi vya mdahalo." Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, usiwasumbue vijana na karatasi.

Hatua ya 3: Angalia kama kipimo unachokitaka kipo tayari

Vipo vilivyotumika miaka mingi. Cha kujithamini kinachojulikana kuliko vyote ni cha Morris Rosenberg, kilichotoka mwaka 1965 kutokana na utafiti wake wa wanafunzi wa sekondari katika jimbo la New York. Kina kauli 10, tano za kujisifu na tano za kujikosoa, na kila moja hujibiwa kwa ngazi nne, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Cha imani ya jumla ni kile cha Wajerumani Ralf Schwarzer na Matthias Jerusalem, nacho kina kauli 10 za ngazi nne, kwa hiyo alama zake hukaa kati ya 10 na 40. Kwa vijana hasa, Peter Muris alitoa mwaka 2001 dodoso la kauli 24 lililogawanywa sehemu tatu za kauli nane nane: masomo, mahusiano na wenzake, na kuzimudu hisia. Mimi napenda mgawanyo huo, maana kijana anayeng'ara kwenye masomo na kuzama kwenye mahusiano anaonekana palepale.

Susan Harter naye alitumia mbinu nyingine kwenye vipimo vyake vya miaka ya 1980. Badala ya kumwambia kijana "wewe huna marafiki, kweli au si kweli", alimwekea watu wa aina mbili: baadhi ya vijana hupata marafiki kwa urahisi, wengine huona shida kupata marafiki. Kijana anachagua kwanza anafanana na kundi lipi, ndipo anasema kama ni kweli kabisa kwake au ni kweli kidogo. Kwa kuwa pande zote mbili zimeelezwa kama jambo la kawaida, hakuna upande wa aibu. Ubaya wake ni kwamba maelekezo yake huwachanganya wengine, hasa wasomaji wa polepole, na utakuta wamejaza pande zote mbili.

Ukichukua kipimo cha mtu, chukua chote, na soma masharti ya matumizi yake kwanza. Usinyofoe kauli tatu zinazokupendeza kisha ukaripoti kwamba umetumia kipimo kizima. Pia usiamini mtu anayekuambia kwamba chini ya alama fulani kijana "hana kujiamini". Watunzi wa kipimo cha imani ya jumla hawakuweka mstari wa namna hiyo, na mistari unayoiona ikizunguka kwa vipimo vingine mara nyingi imechorwa na watu wengine kwa makundi mengine. Alama hufaa kulinganisha: kijana huyu na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita, kundi hili na lile.

Hatua ya 4: Tunga ngazi yako mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Kwa stadi mahususi hutapata dodoso lililo tayari, na hata ukilipata halitakuwa limewaza kazi yako. Utatunga.

Anza kwa kuzungumza na watu wanaoifanya kazi yenyewe, pamoja na vijana wachache wanaoihangaikia. Waulize jambo moja: nini hulifanya liwe gumu? Usiulize kama wanaliweza. Tuseme unataka kupima imani katika kuzungumza mbele za watu. Utasikia: "nikisahau nilichotaka kusema", "wakianza kucheka", "wakiuliza nisichokijua", "nikiona watu wengi nisiowafahamu". Vikwazo hivyo ndivyo vitakavyokuwa vipandio vya ngazi yako. Bandura alilisisitiza hili kwa sababu nyepesi kueleweka: kazi isiyo na kikwazo kila mtu anaiweza, na swali ambalo kila mtu analijibu "naweza" halipimi kitu.

Kutokana na mazungumzo hayo ngazi inaweza kuwa hivi:

1. Naweza kujibu swali nikiwa nimeketi mahali pangu.
2. Naweza kusimama mbele ya wenzangu na kusoma kwa sauti ukurasa niliouandaa.
3. Naweza kueleza mada kwa dakika 5 bila kusoma popote.
4. Naweza kujibu maswali ya wasikilizaji ambayo sikuyatarajia.
5. Naweza kuendelea kuzungumza baada ya kukosea na watu kucheka.

Mbele ya kila kauli weka mstari wa namba kutoka 0 hadi 100, ukipanda kwa kumikumi. Chini ya 0 andika "siwezi kabisa", chini ya 50 "nina uhakika wa wastani", chini ya 100 "nina uhakika kabisa". Kwa wadogo, au kwa wasiozoea namba, ngazi tano za maneno zinatosha. Usishuke chini ya nne, kwa kuwa watu huepa ncha, na ukiwapa ngazi tatu wote watarundikana katikati.

Maneno yenyewe yana kanuni zake. Sema "naweza", usiseme "nitafanya". Nia ni jambo jingine: kijana anaweza kujua kwamba ana uwezo wa kuhutubia na asitake kuhutubia. Usiseme "ningeweza" wala "natarajia kuweza", kwa kuwa unauliza habari ya leo, si ya siku atakapokuwa mkubwa. Kila kauli ibebe jambo moja. "Naweza kuandika na kuwasilisha ripoti" ni maswali mawili yaliyovaa shati moja, na anayeandika vizuri lakini akatetemeka mbele za watu atajaza 50, namba isiyosema lolote kuhusu swali lolote kati ya hayo mawili.

Mfano mzuri wa kauli mahususi uko kwenye dodoso la wanafunzi linaloambatana na mitihani ya kimataifa ya PISA, inayosimamiwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, kwa vijana wa miaka 15. Mwaka 2003, na tena 2012, hawakuulizwa tu kama ni hodari wa hesabu. Waliulizwa pia wana uhakika kiasi gani wa kukokotoa mita za mraba za vigae zinazohitajika kufunika sakafu, wa kujua televisheni itapungua bei kiasi gani ikipewa punguzo la asilimia 30, na wa kusoma ratiba ya treni ili kujua safari itachukua muda gani. Kijana akisoma swali la vigae anaiona sakafu. Akisoma "mimi ni hodari wa hesabu" anaiona ripoti yake ya shule na uso wa mzazi.

Je, uchanganye kauli za kukanusha, kwa mfano "Siwezi kuzungumza mbele za watu"? Vitabu vingi vya zamani vya upimaji vilishauri hivyo ili kumnasa anayekubali kila kitu. Kwa vijana mimi naziepuka. Msomaji akikutana na "sioni kama nina la kujivunia" kisha akatakiwa kuchagua "sikubali", inabidi ageuze mara mbili kichwani, na wengi hugeuza mara moja tu. Unapata alama ya chini iliyosababishwa na sarufi. Kama kipimo ulichokichukua kinazo tayari, kama cha Rosenberg, ziache zilivyo na ukumbuke kuzigeuza wakati wa kuhesabu.

Kichwa cha karatasi kisiwe "Kipimo cha Kujiamini". Andika kitu kisicho na harufu ya hukumu, kama "Maoni yangu kuhusu kuzungumza mbele za watu". Ukishaandika neno kujiamini juu, umeshawaambia jibu linalotakiwa.

Hatua ya 5: Kama unatafsiri

Mpe mtu mmoja atafsiri, na mwingine ambaye hajaona andiko la awali airudishe tafsiri hiyo katika lugha ya kwanza. Utaratibu huu ulielezwa kwa kina na Richard Brislin mwaka 1970 na bado ndio unaotumika zaidi. Palipotofautiana, kaeni watatu mkubaliane. Ukitafsiri Rosenberg, iangalie kwa makini ile kauli ya mtu kutamani angejiheshimu zaidi: katika lugha nyingi imesomwa kama jambo jema, hamu ya kujiendeleza, wakati aliyeitunga aliikusudia kuwa dalili ya kujidharau.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa vijana wachache, mmoja mmoja, kwa sauti

Tafuta vijana watano hadi wanane wanaofanana na kundi lako, lakini wasiomo ndani yake. Kaa na kila mmoja, asome kauli na kufikiri kwa sauti. Usimsaidie. Mazungumzo huwa hivi:

"Umejaza 30 kwenye 'naweza kutatua matatizo yangu'. Uliwaza nini?"

"Mwalimu, niliwaza ya nyumbani. Yale siwezi."

"Na ya darasani?"

"Ya darasani naweza. Ningeandika 80."

Namba 30 na 80 zimetoka kwa mtu yuleyule katika dakika moja. Kauli ndiyo mbovu. Ivunje, "naweza kupata njia nyingine pale hesabu inaponishinda mara ya kwanza", kisha umwonyeshe kijana wa kesho yake.

Tazama pia kasi. Anayemaliza kauli 20 kabla hujamaliza kueleza maelekezo hajasoma. Na wote wakijaza 90 na 100 kwenye kipandio cha tano, ngazi yako ni fupi mno: ongeza kigumu zaidi.

Hatua ya 7: Ridhaa, siri, na jibu la kutisha

Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na, kando yake, kukubali kwa kijana mwenyewe. Mzazi kusema ndiyo hakumfungi mtoto. Mwambie waziwazi kwamba anaweza kuruka swali au kuacha katikati, na kwamba hakuna alama za darasani zinazohusika.

Badala ya majina tumia namba, na orodha inayounganisha namba na majina ihifadhiwe mahali pengine na mtu mmoja. Ukipima mara moja tu na hutarudi, usiwe na majina kabisa.

Kama umeamua kupima kujithamini, andaa mapema mtu wa kumpokea kijana ambaye majibu yake yatakushtua. Rosenberg ana kauli kuhusu kujiona huna faida. Atakuwepo wa kuikubali kabisa na kuongeza maneno pembeni. Lazima ujue kabla ya siku hiyo utamwita nani, mshauri nasaha au mhudumu wa afya, na uwe umewaambia vijana tangu mwanzo kwamba siri yao ina mpaka pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Usiyasome majibu hayo mwezi mmoja baadaye. Yapitie siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Asisimamie mwalimu anayewasahihishia mitihani, wala mkufunzi ambaye mradi wake ndio unaopimwa. Wakae mbalimbali, kijana anayeona namba ya jirani huipandisha ya kwake. Epuka siku ya matokeo ya mtihani na siku ya mahafali.

Anza na zoezi la pamoja ili wazoee mstari wa 0 hadi 100. Bandura alipendekeza kubeba mizigo: una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kunyanyua kilo 5? Kilo 20? Kilo 50? Kilo 150? Vijana hucheka kwenye ya mwisho, na katika kucheka huko wanaelewa kwamba kuandika 0 si dhambi.

Kisha soma kila kauli kwa sauti, polepole, hata kama wote wanajua kusoma. Waliochoka wasikokotwe: kauli 15 hadi 25 zinatosha kwa kikao kimoja.

Hatua ya 9: Hesabu, lakini tazama umbo

Kwanza geuza kauli za kukanusha ikiwa zipo. Kanuni ni kujumlisha ngazi ya chini kabisa na ya juu kabisa, kisha kutoa jibu. Kwa ngazi za 1 hadi 4 unatoa kutoka 5: aliyejaza 4 anapata 1, aliyejaza 3 anapata 2. Kwa kipimo cha 0 hadi 100 unatoa kutoka 100.

Tumia wastani kuliko jumla, ili aliyeruka swali moja asionekane ameshuka. Aliyeruka zaidi ya robo ya maswali mweke kando na uandike kwamba umemweka kando.

Sasa tazama vijana wawili waliojaza ngazi ya kuzungumza mbele za watu. Wa kwanza: 100, 90, 60, 30, 20. Wa pili: 60, 60, 60, 60, 60. Jumla ya kila mmoja ni 300, wastani ni 60. Ukipeleka wastani peke yake kwenye ripoti, ni pacha. Lakini wa kwanza anakuambia mahali hasa anapoanza kuyumba, pale karatasi inapoondolewa mkononi, na unaweza kuanza naye kesho. Wa pili ama hakusoma, ama hajawahi kusimama mbele ya watu na anakisia yote. Huyo humfundishi kwanza; unamuuliza. Ndiyo maana karatasi zote nazipitia kwa macho kabla ya kuziingiza kwenye kompyuta, na mstari ulionyooka namna ile nauwekea alama.

Kando ya wastani, hesabu kipandio. Amua mapema kwamba, tuseme, 70 na kuendelea ndiyo utakayoiita "anajiona anaweza", kisha andika kila kijana amefika kipandio cha ngapi. Wa kwanza hapo juu amefika cha pili. Wa pili hajafika popote. Mpaka huo umeuchagua wewe, kwa hiyo usiuhamishe baada ya kuona majibu.

Kama kundi ni kubwa, mia na zaidi, mwombe mtu mwenye ujuzi wa takwimu akukokotolee alfa ya Cronbach, iliyopewa jina la Lee Cronbach aliyeieleza mwaka 1951. Inaonyesha kama kauli zako zinavutana upande mmoja. Wengi huanza kuridhika kwenye 0.70. Ikifika 0.95 usishangilie sana, huenda umeuliza swali moja mara kumi kwa maneno tofauti. Na alfa kubwa haisemi kwamba umepima ulichokusudia. Hilo ni la hatua inayofuata.

Hatua ya 10: Weka neno kando ya tendo

Ndani ya wiki hiyohiyo wape vijana nafasi ya kuifanya ngazi yenyewe. Wazungumze dakika 5 bila karatasi, waulizwe maswali wasiyoyajua. Mtu asiyeyaona majibu yao aandike tu: amefanya, hajafanya, ameishia wapi. Halafu linganisha kipandio alichokisema na kipandio alichofika.

Waliosema wanaweza na wakaweza hawahitaji maneno mengi. Wape kigumu zaidi. Waliosema hawawezi na hawakuweza wanajijua vizuri, na wanachohitaji ni stadi. Kumpigia makofi kijana wa namna hii na kumwambia ajiamini ni kumdanganya.

Waliosema hawawezi kisha wakaweza ndio ambao kipimo hiki kinalipa gharama yake kwa ajili yao. Bila karatasi usingewaona, kwa sababu wakilazimishwa hufanya vizuri, na bila kulazimishwa hawajitokezi kamwe. Nafasi zinawapita wakiwa kimya.

Wa mwisho walisema wanaweza na wakashindwa. Usiwakemee. David Dunning na Justin Kruger walionyesha mwaka 1999, kwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwamba walioshika robo ya chini kwenye majaribio walijikadiria kuwa juu ya wastani, kwa kuwa ujuzi ambao ungewawezesha kufanya vizuri ndio huohuo ambao ungewawezesha kuona makosa yao. Kijana anayejikadiria juu kidogo ya alipo hujaribu zaidi na huvumilia zaidi, na hilo si baya. Pengo likiwa kubwa, hasa kwenye kazi yenye hatari kama umeme au kuendesha gari, ndipo uingilie.

Hatua ya 11: Ukipima kabla na baada

Usishtuke alama zikishuka baada ya mafunzo. Kabla, kijana alijaza 80 kwenye "naweza kuandika barua ya kuomba kazi" kwa kuwa hakujua barua nzuri inafananaje. Baada ya wiki nne anajua, na sasa anajaza 60, ilhali barua yake imekuwa nzuri mara dufu. Rula imebadilika mkononi mwake. Ili kulishika hilo, mwishoni muulize maswali mawili kwa kila kauli: sasa unaweza kiasi gani, na ukitazama nyuma, kabla ya mafunzo kwa kweli uliweza kiasi gani? Kumbukumbu nayo hupendelea kuonyesha maendeleo, kwa hiyo taja zote mbili kwenye ripoti, ile "kabla" ya wakati ule na ile ya kutazama nyuma, na uweke matokeo ya Hatua ya 10 pembeni.

Jihadhari pia na kuchagua waliopata alama za chini kabisa, kuwafundisha wao peke yao, kisha kutangaza kwamba wamepanda. Mtu aliyepimwa siku yake mbaya atapanda kidogo hata usipomfundisha. Dawa ni kuwa na vijana wengine wanaofanana nao ambao bado hawajafundishwa, wapimwe siku zilezile, kisha zamu yao ya mafunzo ifike.

Hatua ya 12: Warudishie

Matokeo ni mali yao pia. Usibandike ukutani, usiwapange kwa nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Kaa na kijana dakika chache, mwonyeshe mstari wake mwenyewe, na umwulize: "Kati ya hiki cha 60 na hiki cha 30, kinabadilika nini?" Majibu yao hapa yana faida kuliko alama. Mmoja atasema hajawahi kujaribu. Mwingine atasema alijaribu mara moja wakamcheka. Wa tatu: "Moyo unanienda mbio, dada, basi najua nitashindwa."

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hii, na kila jibu lina chanzo chake. Asiyewahi kujaribu apewe kazi ndogo atakayoiweza kweli, kwa kuwa kufaulu mwenyewe ndiko kunakojenga kuliko vyote. Anayedhani ni kazi ya watu wengine aone kijana anayefanana naye akiifanya, akikosea na kuendelea. Bingwa wa mbali hamsaidii. Aliyechekwa anahitaji neno la mtu anayemheshimu, lenye kutaja alichokifanya vizuri hasa, si "wewe ni mkali tu". Na mwenye moyo wa mbio aambiwe kwamba hata wazoefu moyo huwaenda mbio dakika ile ya kwanza, kisha afanye mazoezi mpaka hali hiyo aizoee.

Andikeni pamoja kipandio kimoja cha kufanyia kazi na tarehe ya kukijaribu. Mtakapopima tena tumieni karatasi ileile, mpangilio uleule wa kauli, saa ileile ya siku, na ikiwezekana sauti ileile ya msomaji.